Alhamisi ya Mhariri, Mwezi wa Usenge

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilijiita mwandishi kwa muda wa miezi mitano. Pengine ilikuwa saba. Nimejaribu kuihesabu nikiwa Busia, nikiwa Nakuru, nikiwa Homa Bay na kila mahali nilipopanga chumba tangu wakati huo, na kila mara hesabu hukataa. Najua ilianza mvua za masika zilipokuwa zikiisha, na najua ilikwisha siku ya Jumatano asubuhi. Yaliyo katikati sijawahi kuyapanga yakapangika.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na cheti cha Kidato cha Nne ambacho hakikuwa kibaya wala kizuri. Nilikaa Kaloleni, mjini Kisumu, kwa mama mdogo, mdogo wake mama yangu. Alikuwa akifagia ofisi za manispaa, na nyumba ilikuwa ya manispaa, vyumba viwili na veranda. Mimi nililala sebuleni. Kukicha nilikunja godoro, nikavuta meza ya chakula hadi dirishani, nikaweka karatasi za fulskepu na kalamu mbili, na sebule ikawa ofisi.

Gazeti moja la Kiswahili la Nairobi lilikuwa limechapa makala zangu tatu: ya mafundi wa baiskeli, ya wauza miwa wa stendi, na ya mwanamke aliyekuwa akifuga bata nyuma ya gereji. Sikuwa mwajiriwa wao. Nilituma, nao wakachapa au wasichape, na mara nyingi hawakuchapa. Mhariri sikuwahi kumwona. Nilimjua kwa wino wake wa kijani na kwa sentensi zake fupi. Baada ya ile makala ya bata aliniandikia kuniuliza nina nini kingine cha huko ziwani. Nilimjibu siku hiyohiyo. Nilimwambia nitaandika juu ya omena, wale dagaa wadogo wanaoliwa kila nyumba ya Kisumu. Nilimwahidi kwamba nitakwenda Usenge, ufuoni kabisa, nikae na wavuvi, niandike nilichokiona kwa macho yangu mwenyewe.

Jibu lake lilifika baada ya wiki mbili. Alisema ameniwekea ukurasa wa kati, Jumapili ya pili ya mwezi ujao, na makala imfikie Alhamisi ya wiki hiyo. Ikimpendeza, atanipa safu ya kila wiki.

Barua hiyo nilimsomea mama mdogo akiwa anachambua mboga. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Ni vizuri," akasema. "Sasa na mimi nikwambie yangu. Kaka yangu wa Pap Onditi anataka mtu wa kusimama dukani. Nimemwomba angoje mpaka mwisho wa huo mwezi. Gazeti likikupa hiyo kitu ya kila wiki, utakaa hapa uandike, sitakusumbua. Lisipokupa, utaenda kupima sukari."

"Sawa, mama mdogo."

"Si sawa ya kunifurahisha?"

"Ni sawa ya kweli."

Nilikuwa na wiki nne. Nilichukua kalenda ya mwaka uliopita, nikaigeuza, na nyuma yake nikachora ratiba kama ya shule, yenye vipindi. Saa mbili hadi saa sita, makala. Saa nane hadi saa kumi, riwaya. Saa kumi hadi saa kumi na moja, kusoma. Pembeni nikaandika malengo kwa wino mwekundu: makala moja kila wiki, sura moja ya riwaya kila mwezi, kitabu kizima kabla sijafika miaka ishirini na mitano. Riwaya yenyewe ilikuwa na kurasa sita na ilikwama pale ambapo mhusika anafungua mlango. Sikujua nani yuko nyuma ya mlango. Nilimwacha ameshika kitasa, nikamrudia kila siku saa nane, nikamkuta bado ameshika kitasa.

Kasoro ya ratiba ile ni kwamba niliyeiona ni mimi peke yangu. Kwa mtaa mzima nilikuwa kijana mzima anayekaa nyumbani mchana. Jirani wa kushoto aliniletea sufuria ya maharagwe nimwangalizie mpaka arudi kutoka sokoni. Jirani wa nyuma aliniomba nimngojee mtu wa makaa. Wote walianza kwa maneno yaleyale: "Wewe si uko tu." Nilikwenda kusaga unga, nikapanga foleni ya maji, nikapokea wageni wa mama mdogo na kuwatilia chai. Nilipowaambia nina kazi, walitazama meza, wakaona karatasi, wakacheka kwa upole kama mtu anayecheka na mtoto.

Na kulikuwa na wasifu. Kwetu maiti hazikwi kimya. Siku ya mazishi mtu husimama mbele ya umati akasoma maisha ya marehemu tangu kuzaliwa, shule, kazi, ndoa, ugonjwa, mpaka pumzi ya mwisho, na familia huona aibu kubwa karatasi hiyo ikiwa imeandikwa vibaya. Habari zilienea Kaloleni kwamba kwa yule mama mfagiaji kuna kijana anayeandikia magazeti. Basi wakaanza kuja. Nakumbuka ndugu wawili waliokuja na viti vyao wenyewe, wakaketi pande mbili za meza yangu saa tatu asubuhi, katikati ya kipindi cha makala.

"Andika baba yetu alikuwa mkuu wa mafundi wa reli," akasema mkubwa.

"Hakuwa mkuu," akasema mdogo.

"Amekufa sasa. Nani atamshusha cheo?"

"Wale aliofanya nao kazi watakuwa pale pale kaburini, wakisikiliza."

"Wachache. Na wengi wao ni viziwi kwa kelele za injini."

Waliondoka saa kumi jioni, baba yao akiwa fundi mwandamizi. Ukurasa mmoja na nusu kwa siku nzima. Jumamosi nilikwenda mazishini kwa kuwa waliniomba, nikasikia maneno yangu yakisomwa kwa watu mia kadhaa, nikaona mwanamke akijifunika uso kwa leso pale palipotajwa jinsi mzee alivyokuwa akirudi nyumbani na mkate chini ya kwapa. Nilirudi Kaloleni kichwa kikiwa kimevurugika. Makala ya bata sikumwona mtu akiisoma. Hii ya marehemu haikuwa na jina langu, wala haikuwa katika malengo yangu mekundu, na ilikuwa imewaliza watu. Nikakaa mbele ya ratiba nikijiuliza kama nimepoteza siku au nimeipata. Jumatatu wakaja watu wa msiba mwingine.

Aliyeniona vizuri ni fundi cherehani wa veranda ya pili, mzee Mwislamu ambaye wazazi wake walikuja Kisumu kutoka pwani zamani za reli. Alikuwa akinisahihishia Kiswahili bila malipo huku pini zikiwa mdomoni.

"Kijana," aliniambia siku moja, "wewe kazi yako ni kuzuiwa kufanya kazi. Na unaifanya kwa bidii."

Hivyo wiki nne zikawa tatu, zikawa mbili, zikawa ile wiki yenyewe, na sijafika Usenge. Jumapili jioni tulikula ugali kwa mboga ya sukuma wiki. Mama mdogo alinung'unika kwamba omena imekuwa adimu sokoni na bei yake haishikiki. Mimi nilikuwa nikiwaza basi la kesho. Sikumuuliza kwa nini imekuwa adimu.

Jumatatu adhuhuri nilishuka Usenge. Hesabu yangu ilikuwa safi: Jumatatu na Jumanne nitatazama, Jumanne jioni nitaandika, Jumatano saa mbili asubuhi basi litaondoka na bahasha yangu, makondakta wataihamisha Kisumu kwenye basi la Nairobi, na Alhamisi itakuwa mezani kwa mhariri. Nilitelemka ufuoni daftari likiwa limefunguliwa tayari.

Mashua zilikuwa zimevutwa juu mchangani, zote, zimelala ubavu. Wanaume walikaa kivulini wakicheza ajua, mchezo ule wa mbegu na mashimo, wakibishana polepole. Wanawake wawili walikuwa wakisukana nywele. Nyavu kuukuu zilitandikwa chini ambako omena huanikwa, na juu yake hapakuwa na kitu ila kuku. Nilisimama nikifikiri labda kuna msiba. Nikamwendea mwanamke wa makamo aliyekuwa akishona gunia lililochanika kwa sindano ndefu. Tulizungumza Kijaluo. Naandika kwa Kiswahili kama ninavyokumbuka.

"Habari ya kazi, mama."

"Kazi gani?"

"Ya omena."

Aliinua macho akanitazama kuanzia viatu. "Umetoka wapi, mwanangu?"

"Kisumu."

"Kisumu hakuna mwezi?"

Wanawake wa nywele walicheka. Sikuelewa. Ikabidi anieleze, taratibu, kama anayemweleza mgeni wa kutoka nchi kavu. Omena huvuliwa gizani. Wavuvi huelea na taa za karabai juu ya maji, omena hufuata mwanga, wakikusanyika wavu unapita chini yao. Lakini mwezi ukiwa mpevu, ziwa lote lina mwanga, na omena hutawanyika kila mahali.

"Taa yetu itashindana na ile?" akauliza, akionyesha juu kwa sindano ingawa ilikuwa mchana na mwezi haukuwepo. "Siku kama saba hivi tunakaa. Wanaume wengine wanaenda kwao kuona wake zao. Watoto wa huku, ukihesabu miezi tisa kurudi nyuma, utakuta mwezi umejaa."

"Saba kuanzia leo?"

"Kuanzia juzi. Rudi mwezi ukianza kuchelewa kuchomoza."

Nilikuwa nimekula omena tangu nilipoota meno, mara tatu kwa wiki. Shuleni nilifundishwa kuchora ziwa pamoja na visiwa vyake. Hakuna aliyekuwa amenifundisha jambo hilo, au labda kila mtu alidhani nalijua. Mtu wa Nairobi angesamehewa. Mimi jina la baba yangu ni la ukoo wa huku huku ziwani.

Nilipaswa kurudi, au kumpigia mhariri simu kutoka posta ya Bondo nimwambie ukweli. Badala yake nilibaki. Yule mama alinipa nafasi kwenye ghala lake, kati ya magunia matupu, na akanilisha siku mbili bila kuniuliza nitaondoka lini. Jumanne niliandika. Niliandika nilichokiona kwa macho yangu, kama nilivyoahidi: mashua zilizolala ubavu, mbegu za ajua zikidondoka mashimoni, vidole vya wanawake vikigawanya nywele, kuku juu ya nyavu. Niliona ni maandishi mazuri kuliko yote niliyowahi kuandika. Nilidhani nimeandika utulivu.

Neno mwezi sikuliandika. Hilo nalikumbuka vizuri, maana niliandika sentensi moja juu yake nikaifuta. Nilijua nikiuweka mwezi, mhariri atatambua nilikuja wiki isiyofaa, kwamba mwandishi wake wa ziwani halijui ziwa, na ile safu itakwenda. Nikaiacha nje. Nilijiambia kuwa msomaji hatahitaji kuelezwa kila kitu.

Jumatano kondakta alipokea bahasha. Mama yule alikuja kunisindikiza.

"Umemaliza?" akauliza.

"Nimemaliza."

"Umemaliza nini na hujaona kitu?" Hakuuliza kwa ukali. "Mwezi ukifa urudi nikuonyeshe kazi."

Jumapili fundi cherehani alikuwa na gazeti kabla yangu. Nilimkuta ameketi, cherehani imenyamaza, ukurasa wa kati umefunguliwa mapajani. Jina langu lilikuwa pale, kubwa kuliko nilivyowahi kuliona. Juu yake palikuwa na kichwa cha habari: ZIWA TAJIRI, WAVUVI WALALA. Nilisoma nimesimama. Mhariri alikuwa ameongeza sentensi moja tu mwishoni, ikiuliza kama taifa litajengwa kwa kusuka nywele na kucheza mbegu. Sentensi hiyo haikuwa yangu. Nyingine zote zilikuwa zangu, na zote zilikuwa zimeifungulia mlango.

"Hawa watu wa Usenge wamekukosea nini?" fundi akaniuliza.

"Hawajanikosea."

"Basi walikunyima chakula."

"Walinilisha siku mbili."

Alikunja gazeti mara nne, kwa uangalifu, kama kitambaa cha mteja. "Haya," akasema, na akarudi kwenye mshono wake.

Mama mdogo alifurahi. Alilipeleka gazeti kwa majirani wote walioniletea masufuria. Jioni alikaa akalisoma mwenyewe, kidole kikifuata mistari, midomo ikisogea.

"Ulienda wakati wa mwezi?" akaniuliza.

"Ndiyo."

"Kwa nini hukuniuliza? Wiki ile si nilikuwa nalia hapa omena imepotea?"

"Sikujua kuna cha kuuliza."

"Lakini jina lako limetoka," akasema.

Alhamisi barua ya wino wa kijani ikaja. Mhariri alisema makala imewasha moto, wasomaji wameandika. Safu ni yangu. Maneno mia nane, yamfikie kila Alhamisi bila kukosa, kuanzia Alhamisi ijayo. Alisema kuna mwandishi mwingine aliyeiomba nafasi hiyo kabla yangu, na nikikosa ile ya kwanza, atampa yeye. Gazeti, alisema, halina muda wa kumngoja mtu.

"Basi nimwambie kaka yangu atafute mtu mwingine?" mama mdogo akauliza.

"Ngoja kidogo."

"Ningoje nini? Si umepata?"

Ningemwambia nini? Nilikuwa nimepata. Kila lengo jekundu la ratiba lilikuwa limeanza kusogea, isipokuwa yule mtu wa mlangoni, na mimi nilijisikia kama niliyepanda basi sahihi siku isiyo yake. Nilikaa mezani Ijumaa nzima na Jumamosi nzima, sikuandika neno. Kisha nikajiambia kwamba dawa ni rahisi. Nitarudi Usenge, mwezi umekwisha kufa, nitaona kazi, na safu yangu ya kwanza itakuwa ile niliyopaswa kuandika. Nitatimiza Alhamisi ya mhariri na nitawarudishia watu wa Usenge jina lao, yote kwa bahasha moja. Hesabu ilikuwa safi tena. Nilipaswa kuiogopa kwa sababu hiyo.

Nilifika Jumapili alasiri. Mama yule alikuwa akipanga magunia.

"Umekuja kutuamsha?" akasema.

Walikuwa wamesikia. Mwalimu mmoja aliwasomea. Baya zaidi, wanunuzi kutoka Kisumu walikuwa wakilitumia gazeti kupunguza bei. Wanafika wanasema, nyinyi si ni watu wa kulala, mnataka bei ya watu wa kazi? Nilianza kuomba radhi. Nilieleza kuhusu ile sentensi ya mhariri.

"Na mwezi aliutoa yeye pia?" akauliza.

"Hapana. Niliutoa mimi."

"Kwa nini?"

"Niliona aibu kwamba sikuujua."

"Aibu ilikuwa yako," akasema, "ukatupa sisi tukubebee." Akanisukumia fungu la magunia. "Sasa kaa uone tunavyolala."

Jumatatu kabla jua halijatoka, mashua ziliingia moja baada ya nyingine, taa zimezimwa, wanaume wamevimba macho. Wanawake waliingia majini mpaka kiunoni na mabeseni. Omena ilimwagwa juu ya nyavu, ikatandazwa kwa viganja, ikang'aa kama bati jipya, na ndege weupe wakashuka kutoka kila upande. Nilipewa fimbo niwafukuze. Kisha nikapewa beseni. Jua lilipopanda tulipindua, adhuhuri tulipindua tena, saa tisa wingu lilitokea upande wa ziwa tukaikusanya yote kwa mbio, wingu likapita bila kunyesha, tukaitandaza upya. Sikuandika hata mstari. Daftari lilikuwa mfukoni na mikono yangu ilikuwa na magamba. Nilipouliza saa, walinionyesha kivuli. Jumanne ilikuwa hivyohivyo, ila nilipata muda wa saa mbili, jioni kabla ya giza, nikakaa kwenye kizingiti cha ghala nikaandika yote. Mwezi niliuweka sentensi ya kwanza.

Jumatano asubuhi nilikuwa nimeoga, bahasha ikiwa tayari, haijafungwa. Basi lilikuwa limesimama juu ya ufuo, wanalipakia magunia. Kutoka pale nilipokuwa ni mwendo wa dakika mbili.

"Kabla hujapeleka," mama akaniambia, mikono ikitandaza, "nisomee. Ile ya kwanza hukunisomea."

Nikaitoa. Nikaanza kumsomea, nikiigeuza kwa Kijaluo kadiri nilivyoweza. Wengine walisogea bila kuacha kazi.

"Hapo uliposema mimi ni mjane maskini," akanikatiza. "Ondoa."

"Niondoe mjane?"

"Mjane ni kweli. Maskini ni maneno ya nani? Ulilala njaa kwangu?"

Nikafuta. Nikaendelea.

"Umesema tunaamka alfajiri," akasema mwingine, mnene, mwenye kitambaa cha manjano. "Nani alilala?"

"Omena haifuati taa kwanza," akasema wa tatu. "Wadudu ndio wanafuata taa. Omena inafuata wadudu."

"Si kweli. Inafuata mwanga wenyewe."

"Wewe umewahi kuwa omena?"

Wakabishana. Mvuvi mmoja aliyekuwa akikunja wavu akaitwa aamue, akaleta maoni ya tatu. Nilifuta, nikaandika pembeni, nikafuta tena. Basi likapiga honi. Nilisema, "Tuendelee upesi," lakini kila sentensi ilikuwa na mwenyewe. Yule wa kitambaa cha manjano alitaka niseme wazi kwamba wakati wa mwezi hawakai bure, wanashona magunia na nyavu, wanapalilia mashamba. Nilikuwa nimemwona akisukwa nywele. Nikamwambia.

"Na nywele zisisukwe?" akasema. "Andika na nywele. Lakini zisiwe peke yake."

Honi ikalia mara ya pili. Kondakta alitelemka hatua chache akaniita. "Mwandishi, bahasha iko tayari?"

"Bado kidogo," nikamjibu.

Alisubiri kidogo, akatikisa kichwa, akarudi. Nilisikia injini ikibadilisha sauti. Nilikuwa na karatasi ya tatu mkononi, nimefika pale mashua zinapoingia, na kidole changu kilikuwa kwenye neno ambalo nilikuwa nimelikosea. Mara nyingi nimejiuliza kama nilikuwa nimeamua. Nakumbuka nikijua kwamba lile ndilo basi la Alhamisi ya mhariri, na kwamba likiniacha, kinachonisubiri ni duka la Pap Onditi. Nakumbuka pia nikifikiri bado kuna dakika. Mambo yote mawili yalikuwa kichwani kwa pamoja, na miguu haikusogea.

Vumbi lilipotulia mama aliinua uso.

"Basi lako si lile?"

"Ndilo."

"Na barua?"

"Haijaisha."

Alitazama barabara, kisha akanitazama mimi. "Basi endelea," akasema. "Ulifika wapi?"

Tulimaliza jua likiwa utosini. Bahasha iliondoka Alhamisi, ikafika Ijumaa. Mhariri alijibu kwa mistari miwili: ya omena walikwisha chapa, wasomaji hawapendi kurudishwa nyuma, na safu imepata mtu. Makala ile haikutoka popote. Niliinakili kwa mwandiko safi nikamtumia yule mama kwa kondakta yuleyule, na sikujua kama ilimfikia, maana kabla sijapata nafasi ya kurudi Usenge ule mwezi wa makubaliano na mama mdogo ulikuwa umekwisha. Nilikuwa nikielekea dukani kwa mjomba, na kutoka huko nilianza kuhamahama, na sijatulia mpaka leo.

Jioni ya mwisho Kaloleni, mama mdogo aliniuliza mara moja tu.

"Ulikuwa mbali na basi?"

"Hapana."

"Ulikuwa mgonjwa?"

"Hapana."

Akaingia chumbani kunikunjia mashati.